Pikipiki ya Papa Sebastien Ilivyomurudisha Bahati

Mama Vumilia, na wewe Mama Zawadi, na ninyi wote muliokaa chini pamoja na mimi siku za kilio, munaniuliza njiani kulipita nini. Nimejaribu kuwaelezea kwa kinywa. Kila nikifika Kibua katika hadithi, sauti inabaki mule kooni, munaniletea maji, na maneno yanaishia pale. Basi naandika. Niliacha masomo mwaka wa tatu, kwa masista, kwa hiyo maandishi yangu yanatembea kama mimi mwenyewe, polepole na kwa kushika ukuta. Lakini majina sisahau. Muntu akinipa maji ao akininyima, jina lake nabaki nalo.

Kuko swali lingine ambalo bamama wa soko hawaniulizi mimi. Wanamuuliza Dieudonné, tena wakati niko mbali. Hilo nalo nitalijibu, fasi yake ikifika.

Nyumbani, mbele ya kutoka

Bahati munamujua, mutoto wangu wa mwisho. Alienda Bisie wakati kila kijana wa hapa alikuwa anaenda Bisie kuchimba madini, wanaingia chini ya mulima na tochi kichwani na nyundo mukononi, wanatoka weupe kama watu waliomwagiwa unga. Kazi ile ya nyundo ilipokwisha, wenzake wakarudi. Yeye akabaki Njingala, pale barabarani, anabeba mizigo ya watu. Vumbi ilikuwa imeshakaa katika kifua chake. Ilimula kidogo kidogo, na miye nilikuwa nasikia tu habari kwamba anakohoa.

Kisha siku moja muuza mawese akaja na simu, akaniwekea sikioni, na mule ndani iko Bahati.

"Mama, sitaki kulala huku. Huku wanachimba kaburi, maji inajaa mbele muntu hajaingia. Kuja unichukue. Unilaze karibu na Papa."

Akakohoa, na simu ikakatika.

Nimuchukue na nini? Malori yalikuwa hayapiti, barabara ilikuwa imeoza. Na motari wa pikipiki munawajua. Motari anabeba mbuzi, anabeba mabati, anabeba kitanda cha watu wawili na wenye kitanda juu yake. Lakini mugonjwa ambaye macho yameingia ndani, hapana. Akimufia mugongoni, kazi yake imekwisha, maana hakuna mama wa soko atakayekalia fasi maiti ilikaa. Bahati alikuwa amewalomba motari wote wa Njingala. Walimuangalia, wakawasha, wakaenda.

Njo nikakumbuka pikipiki ya Papa Sebastien.

Mume wangu alikuwa katekista, na ile pikipiki padri muzee alimuachia wakati wa kurudi kwao. Tangu Papa Sebastien afe ilikuwa katika nyumba ya kuku. Kuku walitagia juu ya kiti. Tulipokimbia vita na kurudi, tulikuta mulango umebebwa, mabati yamebebwa, hata sahani, lakini pikipiki iko. Nilifurahi, na tena nilikasirika kidogo. Kumbe kitu cha mume wangu hakifai hata kuibwa!

Nikamuita Dieudonné, kijana wa jirani. Yeye alikuwa motari muzuri, mpaka wenye bunduki walimushusha kwenye njia ya Kitshanga wakaenda na pikipiki yake. Tangu siku ile alikuwa anakaa mbele ya nyumba yao na mikono katikati ya magoti. Nikamuambia, "Tutengeneze hii, twende tumuchukue Bahati. Tukirudi naye, pikipiki iko yako."

Akaizunguka. Akagusa tairi, likameguka kama mukate.

"Koko, hii iko na umri gani?" Vijana wote wananiita hivyo, Koko, nyanya yao.

"Ilifika hapa mbele ya mama yako kuolewa."

"Basi nitakuwa naipigia magoti mbele ya kuipanda."

Tukaipeleka kwa Innocent, yule fundi kijana wa karibu na soko, ambaye mikono yake ni myepesi na kinywa chake ni chepesi zaidi. Alitosha kiota cha panya mule hewa inapitia. Alibadilisha buji, akaosha karburateri, akaweka tairi za pikipiki iliyoanguka. Kwenye usukani kulikuwa kunaninginia kopo ndogo ya tomate, imefungwa na waya, nyeusi kabisa. Innocent akakata waya na kuitupa majanini. Nikaiokota.

"Koko, unafanya nini na takataka?"

"Iko ya mume wangu."

Siku zote nilidhani Papa Sebastien alikuwa anainywea maji mitoni. Nikaisugua na majivu, nikatia ndani chumvi ya safari, nikafunika na jani la ndizi.

Innocent akatia esanse, ile petroli, akapiga teke, ikakohoa, akapiga tena, ikawaka. Mulikuwa pale wote. Mama Zawadi, wewe ulipiga kigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Mimi tu nikasema, "Wakati wa mume wangu ilikuwa inatoa moshi wa buluu, watoto wanaukimbilia. Mbona sasa hakuna?"

Innocent akacheka. "Ile moshi ilikuwa ugonjwa, Koko. Nimeitibu."

Tukamupigia makofi.

Masisi mpaka Nyabiondo, na kamba

Asubuhi ya kutoka ilikuwa na baridi ile ya kwetu, wachungaji wanashuka na maziwa, na pikipiki ikiimba safi kama mpya. Nilikuwa na mufuko wangu: blanketi ya Bahati, chumvi, viazi vya kuchemsha, na formaji moja, jibini ya kwetu, ya kumupelekea, juu alikuwa anaipenda tangu alipoota meno. Tukapita Loashi, tukapita Nyabiondo. Dieudonné aliimba. Nilikuwa siyamusikia akiimba tangu anyang'anywe pikipiki yake.

Mbele kidogo ya Kashebere tukakuta kamba katikati ya njia. Kijana mwenye bunduki, koti refu, miguuni kandambili. Muliopita kule munajua: kila muntu anashuka, anapita kwa miguu, na mufuko unafunguliwa.

"Unaitwa nani, mutoto wangu?" nikamuuliza.

"Jina langu la nini? Unataka kuniroga?"

"Nataka kukusalimia."

"Niite Chef, inatosha."

Alikuwa muntu wa mbali, Kiswahili chake nusu kilikuwa Lingala. Akaingiza mukono katika mufuko, akatosha formaji, akaigeuza, akainusa.

"Mama, sabuni yako inanuka."

Dieudonné akafungua kinywa. Nikamufinya mugongoni. Muntu mwenye bunduki akikosea, wewe nani wa kumusahihisha?

"Iko ya nguo nzito, Chef," nikasema.

Akaiweka ndani ya koti na kushusha kamba. Tulicheka mpaka mutelemko wa Kashebere. Nawaambia hivyo mujue kwamba tulicheka. Kwenda, tulicheka.

Njia ya Kibua

Nyuma ya Kashebere mulima unakuachia na pori inakupokea. Joto, topetope, miti inayofunga juu. Kulikuwa kupanda kurefu, na katikati yake pikipiki ikaanza kuimba juu juu kama mbu. Kisha ikapiga kelele moja ya chuma, na tairi la nyuma likakaza. Tukaenda chini. Kiwiko hiki munachoona nakikunja vibaya kilitoka pale.

Dieudonné alisimamisha pikipiki mbele ya kuniinua mimi, na simulaumu. Akakanyaga teke. Mguu wake ukasimama juu kama amekanyaga jiwe.

"Imekufa, Koko."

"Haiyakufa. Ngoja ipumuzike."

"Imekaza ndani. Hata siyaizoea, na imekufa." Akakaa katika topetope na mikono katikati ya magoti, vile vile alivyokuwa anakaa mbele ya nyumba yao. Miye nilikuwa namuwaza Bahati, kwamba amesema *kuja*, na miye nimefika nusu.

Wakaja wanaume wanaosukuma baiskeli zenye bidoni za mawese. Mukubwa wao, Papa Mapendo, akaangalia pikipiki, akaniangalia mimi.

"Mama, nani kati yenu ni muzee zaidi?"

"Ni miye. Ilinikuta nimeshaolewa."

"Na nani anamubeba mwenzake?"

"Leo wewe unatubeba wote wawili."

Akacheka. Wakakata kamba ya pori, wakafunga kwenye usukani, wakaivuta pamoja na baiskeli zao mpaka Kibua. Hawakuniomba kitu.

Kibua

Kule kuko duka ya Papa Kasereka, muntu wa Butembo, anayeuza chumvi na misumari na mabatri. Aliacha wateja mule dukani, akaja akachuchumaa karibu na pikipiki, akaipapasa tangi kama muntu anayempapasa ng'ombe aliyemuuza zamani.

"Nilianza biashara na dada ya hii," akasema. "Nilikuwa napeleka chumvi mpaka Mpofi. Esanse mulitia wapi?"

"Masisi," Dieudonné akasema.

"Na mafuta?"

"Ya moteri? Tulitia chini, mupya kabisa."

"Ile ya chini ni ya meno ya gia. Pistoni ilikunywa nini?"

Dieudonné akaniangalia. Pikipiki alizozijua yeye, zile za sasa, mafuta yanakaa peke yake na esanse inakaa peke yake.

"Hii iko ya zamani, kaka," Papa Kasereka akamuambia, tena bila kumucheka. "Inakunywa mafuta ndani ya esanse. Unachanganya mbele ya kutia. Ile moshi yake njo uzima wake. Mukiona haitoi moshi, mujue iko na kiu." Kisha akasema, "Lakini hii ilikuwa na mwenyewe. Kipimo chake kiko wapi? Kila muntu alikuwa anatundika kopo yake kwenye usukani."

Nikafungua mufuko wangu. Nikamwaga chumvi katika kitambaa, nikamupa kopo ya tomate.

Akaipokea na mikono miwili. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mwaka baada ya mwaka Papa Sebastien alikuwa anaenda nyuma ya nyumba na ile kopo asubuhi, na mimi nasema, ameenda kunywa maji. Hakuniambia, sikumuuliza. Kila muntu alikuwa na kazi yake.

Papa Kasereka alifungua moteri. Akamwaga mafuta mule ndani, akasema lazima ingoje mpaka ilegee yenyewe. Tukangoja. Mama Riziki, bibi yake, alinipikia sombe na makayabu, bugali moto, na mimi kila tonge nilikuwa naona ni Bahati ananingojea kwa tumbo tupu. Siku tuliyokaa pale haikuwa siku yangu, ilikuwa siku ya Bahati, na alikuwa nazo chache. Mama Riziki aliniona nimeacha kula. Alikuja kukaa karibu yangu na maharage yake, akaniwekea nusu kwenye magoti, tukachambua pamoja.

Ilipolegea, Papa Kasereka akatosha pistoni, ilikuwa imechubuka kama muntu aliyekwaruzwa na paka. Akaisugua na musasa mpaka ikawa laini, akairudisha.

"Nguvu yake ya zamani haitarudi," akamuambia Dieudonné. "Lakini itawafikisha, kama unaisikiliza. Usiikimbize. Na ikiwa ya moto, usiizime juu ya mulima. Ukiizima itakataa, mutalala porini."

Akapima mafuta na kopo, akachanganya, akatikisa bidoni. Teke la kwanza, hapana. La pili ikawaka, na moshi wa buluu ukajaa mbele ya duka, watoto wakakimbia wakipiga kelele kwamba inaungua. Mimi nilisimama mule ndani ya moshi. Ilinuka kama Papa Sebastien akirudi kutoka kufundisha. Dieudonné akafunga kopo kwenye usukani na waya mupya.

Mpofi, Walikale

Ya hapa nitaenda mbio. Mvua. Vidaraja vya miti miwili, Dieudonné anapitisha pikipiki na mimi napita nyuma na matako, kama mutoto. Pale Mpofi mama mumoja, Sifa, alinipa ndizi ya kuchoma na hakutaka nimushukuru. Alisema mutoto wake naye iko mbali, labda kuko muntu anampa.

Pale Walikale, karibu na mto Lowa, motari wamekaa kwenye pikipiki zao nyekundu. Tukapita na moshi wetu. Mumoja akapaza sauti:

"Koko! Munapika nini mule ndani?"

"Akili yako!" nikamujibu. "Bado haiyaiva!"

Wenzake walimupigia miluzi. Hiyo ilikuwa mara yetu ya mwisho kucheka kwa kupenda.

Njingala

Mama Antoinette anauza chakula pale barabarani. Bahati hakuwa ndugu yake, hakuwa muntu wa kabila yake. Alikuwa tu anamubebea maji, na alipoanguka akamuweka nyuma ya jiko. Alikuja kunilaki barabarani na mikono ina unga.

"Wewe njo mama yake? Tangu kitambo kidogo anasema, Papa anakuja, namusikia Papa. Nilidhani kichwa kimemutoka. Kumbe ni hii pikipiki."

Sikumujua mutoto wangu. Naandika hivyo na haya iko inanikamata. Nilimuangalia yule muzee juu ya mukeka nikamutafuta Bahati nyuma yake, mpaka akasema, "Mama, umezeeka."

"Na wewe umenipita."

Akatabasamu. Alivuta pumzi kama muntu anayevuta kamba ndefu kutoka kisimani, na kamba haimaliziki.

"Kopo iko?" akauliza.

"Kopo gani?"

"Ya Papa. Kwenye usukani. Alikuwa ananiachia mimi kumwaga."

"Iko," nikasema.

"Basi tutafika."

Formaji sikuwa nayo. Nilimueleza ilivyokuwa sabuni, na alitaka kucheka, ikawa kukohoa, na kitambaa kikawa chekundu. Mama Antoinette akaniita pembeni. Muuguzi alikuwa ameshamuambia kwamba dawa haiko tena. "Mwende naye upesi," akasema, na akalia yeye mbele yangu.

Kurudi, mpaka Kibua

Tulimukalisha katikati. Dieudonné mbele, Bahati nyuma yake na kichwa kwenye mugongo wake, na mimi nyuma kabisa. Nikatosha kitenge changu, kile cha ndege, nikamuzungusha nikamufunga kwangu. Yeye njo mutoto niliyemubeba mugongoni mpaka miaka mitatu, alikataa kutembea. Sasa nilimubeba mbele. Tulikuwa watu watatu na uzito wa watu wawili.

Siku ya kwanza alikuwa anaongea. Alikuwa anamuambia Dieudonné katika shingo, "Gia ya pili, kaka. Sikiliza, inalia." Na Dieudonné anabadilisha, na pikipiki inatulia. "Umeona? Papa alikuwa anasema inaongea." Siku ingine aliongea kidogo. Tulipofika tena Kibua, Mama Riziki alimupikia uji, akameza vijiko ambavyo muntu anaweza kumupa ndege.

Papa Kasereka akasema, "Mubaki hapa apumuzike."

Bahati akamujibu mwenyewe. "Papa, nikipumuzika hapa, nitapumuzika hapa."

Asubuhi tukamupandisha. Papa Kasereka alichanganya esanse yeye mwenyewe, tangi mpaka mudomoni, ili tusisimame.

Kibua mpaka Kashebere

Hapa njo ninapokatikaga sauti.

Tulikuwa tunapanda ule mulima tulipoanguka wakati wa kwenda, sasa kwa upande wake wa pili. Juu kidogo hewa ikabadilika, munaijua, pori inaisha na ile baridi inakugusa uso. Bahati akasema, "Nasikia baridi ya kwetu." Mikono yangu ilikuwa mbele ya kifua chake, imeshikana. Tangu Njingala nilikuwa nasikia kile kifua kikipanda na kushuka, na kila kikishuka nangoja kipande. Kikashuka. Nikangoja. Pikipiki ikapita kona. Nikangoja. Ikapita muti mukubwa ulioanguka, ule uliokatwa katikati watu wapite, na bado nilikuwa nangoja.

Kisha nikaacha kungoja.

Nilifungua kinywa nilie. Nikakifunga. Niliangalia mugongo wa Dieudonné, koti yake, shingo yake yenye topetope. Nikasema katika moyo: huyu akijua, atasimama. Akisimama moteri iko ya moto, haitawaka tena, na tuko hapa, watatu, katika njia ya wenye bunduki. Na nikasema tena: hii pikipiki nimemuahidi. Akijua imebeba maiti, nitakuwa nimemupa nini? Basi nikamubana Bahati zaidi, nikaweka kidevu changu juu ya bega lake, nikanyamaza.

"Kaka Bahati, shika, kuko shimo," Dieudonné akasema.

"Ameshika," nikajibu mimi.

Mbele kidogo tena: "Kaka Bahati, inama, kuko tawi."

Nikamuinamisha.

Kamba, mara ya pili

Na yule Chef alikuwa pale, koti lile lile.

"Aa! Mama ya sabuni! Shukeni, shukeni wote!"

Dieudonné hakuzima. Aliweka miguu chini, moteri ikitetema chini yetu, na ile kutetema ilikuwa inamutikisa Bahati kidogo kidogo kama muntu mwenye homa.

"Mama, sabuni yako haitoi povu! Nilioga nayo. Nilikwenda kwenye mustari nanuka kama ndama, komanda akanifukuza!"

"Haikuwa sabuni, mutoto wangu," nikasema. "Ni formaji. Ya kula. Ingekuwa tamu na ndizi."

Akacheka, akashika magoti, akawaita wenzake waliokaa chini ya turubai. "Sikieni! Nimeoga na chakula!" Wote wakacheka, na mimi ikabidi nicheke, mudomo wangu karibu na sikio la mutoto wangu. Nilisikia shavu lake likipoa.

"Na huyu? Kwa nini hashuki?"

"Mugonjwa, Chef," Dieudonné akasema. "Iko na kifua. Anatapika damu, na inaambukiza."

Chef akarudi nyuma, akafunika pua na ukosi wa koti. "Pitisha! Pitisha upesi!" Kamba ikaanguka. Tulipokuwa tumeshapita akaniita kwa nyuma.

"Mama! Naitwa Shukuru! Mugonjwa akipona, muniletee formaji ingine!"

Nilimupungia mukono. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Masisi

Mulitusikia mbele ya kutuona, muliniambia. Muliona moshi kule chini ya Loashi mukatoka nje. Tulipofika mulangoni kwangu njo Dieudonné akazima kwa mara ya kwanza tangu Kibua.

Ninyi mulikuwa munaangalia Bahati. Mimi niliangalia Dieudonné. Alishuka bila kugeuka. Akaja nyuma, akafungua fundo la kitenge, na mbele sijasema neno akampitishia Bahati mukono juu ya macho, akamufunga kidevu na kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa tayari katika mufuko wake. Hakushtuka. Hakumuita jina.

Tulimulaza Bahati karibu na baba yake, katika udongo mukavu. Muliimba vizuri. Kilio kilipopungua nikamuita Dieudonné.

"Ulijua tangu wapi?"

Aliangalia chini. "Alikuwa anapumua katika shingo yangu, Koko. Ile joto ilikatika mbele ya muti ulioanguka."

"Mbele ya muti?"

"Mbele."

Basi alijua mbele yangu. "Mbona ulikuwa unamuambia ashike?"

"Nilisema katika moyo, Koko haiyajua. Akijua hapa porini, nitabeba wawili. Na wewe, mbona ulinijibu?"

"Nilisema, wewe haujui."

Tukakaa. Aliweka mikono yake katikati ya magoti. Kisha nikaishika, nikaitosha pale.

Sasa swali lenu. Ndiyo. Pikipiki ya Papa Sebastien ilibeba maiti, kutoka ule mulima mpaka kwa mulango wangu. Dieudonné hajawadanganya, na ninawaomba musimuulize tena. Yule maiti ni Bahati muliyemuona akikimbia hapa uchi. Alikufa ameegemea mugongo wa muntu, na mama yake amemushika nyuma, na akisikia baridi ya kwao. Katika vita hii wangapi wamekufa hivyo? Taja mumoja.

Tangu siku ile pikipiki iko inakaa bila wateja. Dieudonné anaiosha, anachanganya esanse na kopo, anaiwasha asubuhi isije ikakaza, anaenda kwenye soko, anarudi peke yake. Mama Zawadi, nilikuona ukihamisha beseni yako ilipopita. Sikukasirika. Lakini nilikuona.

Kesho iko soko ya Nyabiondo. Nitavaa kile kitenge cha ndege, nimekifua. Tutapita mbele ya mulango wenu mapema, mutajua kwa moshi. Mimi nitakaa nyuma kabisa, kama siku ile. Fasi ya katikati iko tupu, na inangoja mumoja wenu apande.